Mkate wa Mwalimu Kamusi

Wanafunzi walimbandika jina Kamusi, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kila mwaka, mbele ya darasa jipya la Kiingereza, alianza na neno lilelile: companion. Aliliandika ubaoni, akalikata kwa mstari wa chaki, akaeleza kuwa lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa cha kale. Kipande cha kwanza ni pamoja, cha pili ni mkate. Yaani mtu unayemega naye mkate. Baadaye likatumika kwa mwenzi wa safari, kisha kwa mtu anayelipwa kumliwaza tajiri mpweke, na hata kwa kitabu cha mwongozo.

"Basi mwalimu, muuza mikate ni mwenzi wetu sote!" watundu walipaza sauti, naye akacheka mpaka miwani ikamteleza.

Nyumbani, bingwa huyohuyo wa mkate wa pamoja alikula peke yake. Jamani, maneno ni rahisi! Mkewe alimwekea sahani kati ya madaftari ya kusahihisha, akarudi kula jikoni. Hawakugombana wala kununiana. Ilizoeleka tu, mpaka watoto wakaoa na kuolewa, mpaka yeye akastaafu.

Kisha mama wa watu akapigwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, akalazwa hospitalini, akawa analishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Alikuwa ameanza kupata nafuu, lakini muuguzi alimkanya mwalimu waziwazi.

"Mzee, asipewe kitu mdomoni, hata tone la maji, mpaka keshokutwa tumpime kumeza. Kikienda mapafuni tutampoteza."

Mwalimu alikaa kando ya kitanda, roho ikimsuta. Neno alilolifundisha maisha yake yote hakuwahi kuliishi hata siku moja. Aliogopa mkewe ataondoka kabla hawajala pamoja, na hofu hiyo ikamnyang'anya akili. Kesho yake asubuhi alinunua mkate getini, akavuta pazia la kitanda, akachovya kipande kwenye chai.

"Mama Watoto, leo tunakula wote."

Mkewe hakuwahi kumkatalia jambo. Alifungua kinywa.

Alipaliwa papo hapo. Wauguzi walikuja mbio, mwalimu akasukumwa nje. Mapafu yakapata maambukizi, homa ikapanda, na wiki haikuisha mama akakata roho.

Binti yao alimkuta baba yake kwenye benchi nje ya wodi.

"Ulimpa nini, Baba?"

"Mkate."

"Si walikukataza?"

Mtu wa kueleza kila kitu alivua miwani yake.

"Nilitaka tule pamoja," alisema.

Binti alimtazama bila kufuta machozi yaliyomtiririka.

"Mama alikusubiri miaka yote hiyo, Baba. Wewe siku moja tu ikakushinda."