Suruali ya Eluned

Jumamosi watu wa bondeni wangepanda mlimani kushusha kondoo, na Gwilym alishapitisha hukumu mbele ya majirani wote: safari hii Eluned abaki jikoni.

"Shemeji, wewe tupikie tu. Mara ile ulitutia hasara."

Hakumsingizia. Mara ile Eluned alipanda na suruali ya marehemu mumewe, Emrys, kaikaza kiunoni kwa kamba ya kufungia majani makavu, miguu kaikunja. Kwenye mteremko wa korongo mkunjo ukafunguka, akaukanyaga, puu! Kondoo wakapita palipokuwa na pengo, wakarudi kileleni. Na kule kila shamba lina nafasi yake kwenye mstari wa watu wanaoswaga kondoo. Shamba lisilo na mtu mstarini halikosi wa kulimezea mate, na Gwilym, ndugu wa marehemu, mate yalikuwa yanamdondoka waziwazi.

Basi Alhamisi Eluned akashuka mjini, kwa Idwal muuza nguo kuukuu za jeshi.

"Nipe suruali ya themanini na tano, tisini na sita, mia na kumi na mbili," alisema bila kufikiri.

Idwal akamtazama juu mpaka chini. "Mama, hiyo utaingia wewe na mbwa wako, na nafasi ibaki."

"Usinifundishe! Nanunua hapa miaka nenda miaka rudi."

"Ulikuwa unamnunulia nani?"

Ilikuwa saizi ya Emrys.

"Haya," Idwal akasema kwa upole, akimwonyesha kitambaa kilichoshonwa ndani ya kiuno. "Namba ya kwanza ni urefu wa mguu, kwa ndani. Ya pili kiuno. Ya tatu makalio. Zote sentimita, usije ukapiga hesabu za inchi. Sasa wewe zako ngapi?"

Hakujua. Alijua shingo ya Emrys, kiatu chake, hata kofia. Yeye mwenyewe alikuwa akivaa kilichopo. Jamani, mwanamke mzima! Aliona aibu, halafu akaona uchungu, na uchungu ndio uliozidi.

Akapewa futi ya fundi, akaingia nyuma ya pazia.

"Mguu sabini. Kiuno themanini na nane."

"Na makalio?"

"Mia na nne. Na ole wako ucheke!"

"Nani anacheka? Hapo kondoo hapiti."

Eluned akacheka yeye, mpaka akafuta machozi. Suruali ilipopatikana akachuchumaa, akainua goti, akapanda kiti cha Idwal na kushuka. Haikubana, haikuburuta.

Jumamosi Gwilym alimkuta langoni na fimbo na mbwa.

"Shemeji, na nyama je?"

"Iko kwenye oveni. Haihitaji kushikwa mkono."

Akapanda. Wakati wa kushuka, kondoo wakongwe, wajuzi wa hila, wakageukia korongo lile lile. Eluned akateremka mbio, akaruka kijito, akawazibia huku akiwatukana mmoja mmoja. Hakupita hata mwanakondoo.

Chini zizini Gwilym alifika akihema, uso mwekundu. Majirani walikuwa wakisikiliza, ikabidi aseme neno.

"Leo umeishika vizuri nafasi ya Emrys."

Eluned akafunga lango la zizi.

"Emrys amekufa, Gwilym," akamwambia. "Nafasi ile ni yangu."