Mita ya Mkononi

"Fundi, hebu ikague hii baiskeli uniambie kama huwa inatembea."

Nilidhani ananitania. Mtu ambaye nimemfungia tairi jipya la nyuma mara mbili ndani ya miezi minane, leo ananiuliza kama baiskeli yake hutembea! Nikainua kichwa nimpe maneno yake, nikakutana na macho yake. Hakuwa na utani hata chembe.

Mtaani tunamwita Bwana Mita. Kwa miaka thelathini na mmoja alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, juu ya baiskeli ile ile ya kijani, daftari kwapani. Alipostaafu presha ikampanda, daktari akamwambia afanye mazoezi, la sivyo dawa zitaongezwa. Basi kila asubuhi akawa anapanda mpaka kwenye tenki kubwa la maji kule kilimani na kurudi, kilomita kumi na mbili za changarawe tupu. Shati alilokuwa akirudi nalo ungelikamua ukapata maji ya kufulia soksi. Mke alishatangulia mbele ya haki. Ana binti mmoja tu, muuguzi, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo wa kukaa kwenye keria na kumsomea baba yake tarakimu za mita.

Huyo binti ndiye aliyemletea saa. Saa janja, wanaiita. Kwa chini ina taa ya kijani inayomulika damu mkononi, na kila inachokiona inakipeleka kwenye simu ya binti. Bwana Mita aliivaa kama bwana harusi. Alipita kwangu makusudi, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na baridi ile ya asubuhi ilikuwa inauma kwelikweli.

Wiki ya kwanza binti akapiga simu. "Baba, leo ulipumzika?" Baba akacheka, akamwambia ametoka tenkini sasa hivi. Wiki ya pili, "Baba, hata leo?" Akaapa. Wiki ya tatu binti hakuuliza tena, na mzee wa watu akafurahi akidhani ameaminiwa. Kumbe mwenzake ameshakata shauri.

Siku ya kliniki daktari alitoa karatasi iliyochapishwa. Siku arobaini zote tangu aivae saa zimo: mapigo ya moyo ya mtu aliyekaa kitini, hatua za kuhesabika, mazoezi hakuna. Karatasi hiyo ililetwa na nani? Na binti, kimyakimya, siku mbili kabla. Bwana Mita akaandikiwa vidonge vikali zaidi, vinavyoleta kizunguzungu, aanze kuvimeza kesho yake, na baiskeli akakatazwa muda wote atakapovitumia.

"Tukiwa koridoni nikamwambia, mwanangu, mimi naendesha kila siku ya Mungu," alinisimulia, ameegemea benchi langu. "Unajua alinijibu nini? 'Baba, si wewe uliyenifundisha? Mita haina mdomo wa kuongopa. Wenye midomo ni watu.'"

Maneno hayo nayajua. Mtaa mzima unayajua, kwa sababu kila aliyewahi kulalamika alipewa hayo hayo. Mama dobi wa nyumba ya kona alilia mbele yake, akisema bomba linatoa upepo mtupu na mita inazunguka. Akajibiwa hivyo hivyo, akakatiwa maji, dobi mzima akabaki na mabeseni makavu.

"Unamkumbuka mama dobi?" aliniuliza, huku anaichezea pedali.

"Nitamsahauje?"

"Alikuwa anasema kweli yule."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikuweza kuvumilia. Nikatupa spana, nikachukua baiskeli ya mteja, Mungu anisamehe, nikamwambia twende kilimani.

Pale kwenye tenki nilimwekea vidole viwili shingoni, simu yangu ikihesabu sekunde. Mapigo mia moja thelathini na manne kwa dakika. Saa ilisema sabini na tisa! Nilikuwa nimemfuata nyuma njia nzima, na sababu niliiona. Ameubana usukani, kifundo cha mkono kimekunjika, mkanda umelegea, changarawe inaitikisa saa mpaka inaachana na ngozi. Na hatua itazihesabu wapi, ikiwa mikono imetulia na kazi yote inafanywa na miguu? Ilikuwa kama mita iliyofungwa kwenye bomba lisilopita maji. Nilimweleza hivyo, akaitikia kwa kichwa polepole, maana hayo ndiyo mambo anayoyajua.

Tukampigia binti simu, apitie kibandani kwangu kabla ya zamu ya mchana. Alitukuta ndiyo kwanza tunafika, na ule mpando wa mwisho unaoingia mtaani hauna huruma. Nikamtolea tairi la zamani la baba yake, limeliwa mpaka nyuzi zinaonekana.

"Hili limeliwa na nini, binti? Panya?"

Akatabasamu, tabasamu lile la wodini. "Fundi, wewe ni rafiki yake. Lazima umtetee."

Nilitaka kumjibu vibaya, Bwana Mita akanizuia. Alikuwa anahema, shati limemganda mgongoni. Hakubishana. Alimnyooshea binti yake mkono wa kushoto, kiganja juu, kama wagonjwa wote wanavyomnyooshea.

"Wewe ni muuguzi," akasema. "Nishike."

Kazi yake ni hiyo, kushika mikono ya watu na kuhesabu. Kwa siku arobaini mkono wa baba yake alikuwa hajaushika. Akaupokea. Akaugeuza. Akasoma saa.

"Themanini na moja," akasema kwa upole kabisa. "Baba, jamani."

Nimefanya kazi ya baiskeli miaka mingi, nimeona watu wazima wamevunjika mguu barabarani, lakini uso kama wa yule mzee sijauona. Bwana Mita alifungua mkanda wa saa bila haraka, akaiweka kwenye kiganja cha mwanawe, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Basi baba yako ndiye huyu," akamwambia. "Vidonge mpe yeye."

Akapanda baiskeli yake. Binti aliinamia simu, akitazama saa imeandika nini. Mimi nilikuwa namtazama baba mtu, aliyekata kona, akashuka mbele ya nyumba ya mama dobi, akapiga hodi.