Miti ya Anselmo

Ofisi ya wahasibu ya Bwana Joachim ilifunguliwa hapa Songea soko huria lilipoingia, na mimi Lidwina ndiye niliyeipigia deki na kuichemshia chai tangu mwanzo. Sikusoma. Hilo alinikumbusha kila nilipouliza jambo.

Kiangazi kimoja wafadhili walitaka kumpa kazi ya kukagua hesabu za vyama vya wakulima. Wakasema kwanza wataipima ofisi yenyewe: inatunzaje mazingira, inawatunzaje watu wake. Joachim hakuwa amepanda hata ua.

"Mama Brigita," akanibembeleza, "tuazime miti yako ya Matogoro. Wageni wakiondoka, yameisha."

Mikaratusi ile aliipanda mume wangu, Anselmo, ili tuje kupaulia nyumba, maana paa la nyasi lilikuwa limeanza kuoza. Akafa kabla haijakomaa, tukamzika humo humo. Nikakubali, mjinga mimi. Wakachomeka kibao chenye jina la ofisi. Wageni wakasifu wakiwa barabarani, wakaenda. Kibao kikabaki.

Mvua zilipokaribia nikatafuta mtu wa kukata. Joachim akaja juu.

"Ukate shamba la ofisi? Mgeni atarudi kuhakiki!"

"Na mimi nilowe mpaka arudi?"

"Vumilia, mama. Mazingira ni ya wote."

Ya wote! Mbona mvua ilinyeshea kitanda changu tu, msimu mzima?

Mgeni, Bi Pamela, alirudi Novemba iliyofuata. Joachim, Mkatoliki mzima, akamleta Matogoro Siku ya Marehemu, asikumbuke kwamba siku hiyo sote tuko makaburini. Wakanikuta na wanangu tumepalilia, tumewasha mishumaa.

"Kaburi la nani hili, ndani ya shamba la ofisi?" Pamela akauliza.

Joachim hakusita. "La mfanyakazi wetu. Tunamtunza hadi leo."

Nikasimama na jembe langu. "Joachim! Miti umechukua, sasa na mume? Anselmo alikufa ofisi yako haijazaliwa. Msalaba una mwaka. Soma, wewe uliyesoma!"

Pamela akainama, akasoma yeye. "Na miti mliipanda lini?"

Joachim akawa anafuta miwani.

Kazi ya vyama hakupewa. Yangu akaninyang'anya wiki ile ile, na niliofanya nao kazi hawanisalimu. Wanasema nimewamwagia unga. Sawa. Miti nimekata, nyumba imepauliwa. Kibao nimekifanya mlango wa banda la nguruwe, maandishi yakitazama ndani.