Udi wa Kuuzia Nyumba

Mwenye nyumba wetu wa mtaa wa Doornfontein, huku kusini mwa Afrika, alikuwa mtu wa Tanga kama sisi, na kwa hilo tu mama yangu alimsamehe mambo ambayo mwingine asingesamehewa. Alimwita "mwanangu". Akija kuchukua kodi, alipakuliwa wali kwanza, malalamiko yakasubiri. Mimi nilikereka, lakini mama alishikilia kwamba mtu wa kwetu haaibishwi ugenini.

Lalamiko kubwa lilikuwa gesi. Mtungi ulikaa nje barazani, bomba likapita ukutani hadi jikoni, na nyuma ya jiko palinuka yai viza. Nilimwambia, nikamwambia tena, mpaka nikajiona kasuku.

"Eish, dada, hiyo harufu tu. Fungua dirisha, mambo sharp, safi kabisa."

Tukawa tunafunga mtungi kila tukimaliza kupika. Mama naye akaongeza dawa yake, udi. Alifukiza asubuhi na jioni, na nyumba ikanukia kama ya bibi harusi.

Kisha yule bwana akaamua kuuza. Kila wanunuzi walipokuja kuangalia nyumba, alimpigia mama simu mapema: "Mama, nifukizie kama kwetu, nina wageni." Mama alivimba kichwa! Alitoa udi aliotumiwa na shangazi kutoka Unguja, ule wa kuwekewa sherehe, akapitisha chetezo chumba kwa chumba. Wageni wakasifu harufu, mwenye nyumba akatabasamu kama aliyeuchoma udi mwenyewe.

Akapatikana mnunuzi. Mwanasheria wa mauzo akamwambia mwenye nyumba kwamba bila cheti cha usalama wa gesi, nyumba haihamishiwi jina la mnunuzi. Basi fundi wa gesi akaitwa, na asubuhi hiyo simu ya udi ikaja tena. Hapo nikashtuka. Mnunuzi hufukiziwa apende nyumba, sawa, lakini fundi wa gesi afukiziwe ili iwe nini? Nikaingia jikoni kumzuia mama. Nilichelewa, makaa yalikuwa yameshawaka na mlango ulikuwa unagongwa.

Fundi alikuwa mwenyeji wa hapa, mtu mzima, mzito wa maneno. Mwenye nyumba aliingia nyuma yake akiwa amevaa suti. Fundi alinusa, akaona chetezo sakafuni kando ya jiko, na hata salamu hakutoa. Alikichukua kwa kitambaa akakitoa hadi kwenye korido. Aliporudi alifungulia mtungi, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba. Povu likafura, likapasuka, likafura tena. Akatueleza kwa Kiingereza kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu, hutambaa chini ikalala sakafuni. Kisha akauliza ni nani aliyeweka moto pale.

Mwenye nyumba akamnyooshea kidole mama yangu.

"Ni hawa wapangaji," akasema kwa Kiingereza, "na mila zao."

Zao! Mtoto wa Tanga, aliyefukiziwa tangu arubaini yake! Mama hajui Kiingereza, lakini kidole alikiona. Niliwaka, kwa Kiswahili.

"Si wewe uliyempigia simu afukize? Nimekwambia mara ngapi kwamba gesi inavuja?"

"Dada, punguza sauti. Cheti kinatakiwa wakati wa kuuza. Huko nyuma nani alikidai?"

Mama aliketi taratibu kwenye kiti cha jikoni. Safari hii hakumwita "mwanangu".

"Kwa hiyo cheti ni cha huyo anayenunua," akasema. "Na sisi tuliolala humu, baba?"

Mwenye nyumba akatazama simu yake.

Fundi alikata kipande cha bomba, akafunga maungio mapya, akapaka tena sabuni. Safari hii povu lilitulia. Kazi yote haikufika muda wa kuivisha wali. Mpaka leo nikikumbuka ule ufupi wa kazi ile, uchungu hunirudia.

Cheti kikatoka, nyumba ikauzwa. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo, wa watu wa nyumbani, kwa hiyo tulipewa mwezi mmoja wa kuondoka. Tukahamia chumba kimoja mtaa wa Hillbrow. Siku ya kuhama mama alisugua lile jiko mpaka likang'aa, akajaribu kuliwasha, likashika mara moja bila harufu yoyote. Akalizima, akawaachia wenyewe wapya.