Somo la Kukataa Kupokea Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini Tabora nilikabidhiwa boksi la chaki, ubao wenye ufa, na darasa la wanaume wazima wenye vitambi. Nilikuwa nimeteremka kwenye treni ya kutoka Dar es Salaam asubuhi ile ile, mgongo unaniuma, na Mkuu wa Kituo cha mafunzo hakunipa hata nafasi ya kunawa uso.

"Mwalimu Kondo," aliniambia tukiwa mlangoni, "hawa si wanafunzi, ni mameneja. Ukiwakosea adabu watakushitaki wizarani. Ukiwaogopa hawatajifunza kitu."

Nikamwuliza nishike lipi. Akasema, "Shika lolote, mradi wamalize mtaala."

Ninyi vijana mnaosomea menejimenti leo mkiwa na vitabu vya kuchagua, mtaniwia radhi nikianza mbali. Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga na Ujamaa ulikuwa umeshika kasi. Mashirika ya umma yaliota kama uyoga, na mtu aliyelala akiwa mwalimu wa shule ya msingi aliamka akiwa meneja wa mradi, ana gari na dereva. Mkataba hajawahi kuuona. Serikali ikaona hatari hiyo, nayo nasema iliona vizuri, ikatutuma sisi tuliokuwa tumefanya kazi katika ofisi za zabuni tukawafundishe. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, niliyekuwa karani wa zabuni katika wizara moja, nikawa mwalimu wa wakubwa.

Tulifundisha mambo ya kawaida. Mshitiri ni yule mwenye kazi, anayetaka kujengewa. Mkandarasi ni anayejenga. Kati yao upo mkataba, na ndani ya mkataba kuna kitu tulichokiita muda wa uangalizi, yaani kipindi ambacho kazi imekwisha lakini bado inatazamwa kama itasimama. Ghala litazamwe likijaa mzigo. Lambo litazamwe mvua zikiisha kulijaza. Hapo ndipo mshitiri anapokea kazi, na akishapokea, ubovu wote ni wake.

Hayo waliyashika haraka, maana hawakuwa wajinga. Kilichowashinda ni kitu kimoja tu, kusema hapana. Nilikuwa nikiwapa zoezi: mmoja awe mkandarasi, mwingine kiongozi wa mkoa, wa tatu meneja anayetakiwa kupokea kazi isiyo tayari. Meneja angeinamisha kichwa, angekohoa, angesema "Tutaliangalia, mzee," halafu angepokea. Kila kozi ikawa hivyo. Mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo akiwa ameinama, umwambie leo asimame amkatalie mkubwa yule yule mbele za watu? Nilikuwa nikirudi nyumbani kwangu Kanyenye nimekereka hata chai hainipiti.

Aliyelifungua fundo hilo ni Maganga. Alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Goweko, mrefu, mkimya, meneja wa miradi ya maji. Siku ya zoezi lake aliinamisha kichwa kama wenzake. Hasira zikanipanda, nikasahau cheo chake na changu.

"Wewe mla matobolwa, viazi vikavu vya kwenu," nikamwambia, "babu zako walibeba pembe mpaka pwani bila kuuliza mzigo una nini, na wewe unataka kubeba vivyo hivyo?"

Maganga akainua kichwa taratibu.

"Walibeba," akasema. "Na walipofika pwani waliwakuta Wazaramo mmelala, mnasubiri ngoma ya jioni. Huu mzigo siupokei, mcheza mdundiko wee. Uchukue mwenyewe!"

Tulicheka mpaka Mkuu wa Kituo akachungulia dirishani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba sisi ni watani. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo ulizaliwa kwenye njia ile ya misafara, ambako watu wa bara na wa pwani walizikana na kulishana. Mtani anakwambia ukweli ambao ndugu yako hathubutu kukwambia, na huruhusiwi kukasirika. Tangu siku hiyo nikaufanya utani kuwa njia yangu ya kufundishia. Nilimwambia kila meneja atafute mtani wake darasani, amkatalie kwanza yeye, ulimi uzoee. Wengi walizoea kidogo. Maganga alizoea kabisa.

Baada ya kozi alirudi kazini, na mradi wake mkubwa ukawa lambo la kijiji kimoja cha ujamaa, kijiji ambacho sitakitaja. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakapimiwa viwanja kwa mistari iliyonyooka. Mistari ya mwisho ilishuka mpaka bondeni, chini ya tuta la lambo. Katika mstari wa chini kabisa alipangiwa mama yake Maganga, bibi Kalunde, mjane mwenye mguu mbovu.

Maganga alinialika kulitazama lambo hilo wakati wa kiangazi. Bibi Kalunde alitupokea uani kwake.

"Wangaluka, mtani," alinisalimia kwa Kinyamwezi, na kabla sijajibu akaongeza, "mnifukuzie huyu Mzaramo, atamaliza karanga zangu."

Nilimwamkia kwa heshima, kisha nikamwambia karanga zenyewe ni mbovu, akafurahi sana. Alitukaangia nyingine. Alipoulizwa kuhusu nyumba yake mpya alitazama juu, kule kwenye tuta, akasema, "Nilikuwa na nyumba kilimani. Walisema huku maji yako karibu. Kweli, yako karibu."

Tulipanda tutani. Tuta la lambo hujengwa kwa matabaka: unamwaga udongo, unanyunyizia maji, unashindilia kwa rola, ndipo unamwaga tabaka jingine. Mkandarasi, Mzee Seif wa pale mjini, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, hakutuficha kitu. Alisema matabaka ya chini ni mazuri. Ya juu yalimwagwa tu, kwa sababu dizeli ya mgao ilikatika na rola ikalala.

"Nimeambiwa nimalize kabla ya Sabasaba," akasema. "Nikasema dizeli hakuna. Wakasema sherehe ipo."

Hapo niwaeleze desturi moja ya miaka ile. Kazi haikupokelewa siku ilipokuwa tayari, ilipokelewa siku ya sikukuu. Kiongozi akija, lazima awe na kitu cha kuzindua, awe na utepe wa kukata na ngoma ya kuchezewa. Sabasaba huangukia kiangazi, na lambo la kiangazi ni shimo kavu. Kulizindua ni sawa na kumsifu mpishi kabla sufuria haijabandikwa motoni. Mkataba ulisema wazi kwamba lambo lipokelewe baada ya msimu mmoja wa mvua, na kwamba mpaka hapo mkandarasi aendelee kulirekebisha na watu wasikae bondeni. Likipokelewa Sabasaba, Mzee Seif anaondoka na rola yake, na watu wanabaki pale pale walipopimiwa.

Maganga alikataa. Nilikuwapo, maana Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa aliniita ofisini kwake kama mwalimu aliyemharibu. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchovu, macho mekundu, simu haimpi nafasi.

"Meneja," alimwambia Maganga, "mgeni anakuja. Wewe unaniambia nimwonyeshe nini?"

"Mwonyeshe lambo, mzee. Aambiwe tu bado halijapokelewa. Matabaka ya juu yashindiliwe upya, na mstari wa chini uhamishwe."

"Uhamishwe? Watu tumewahamisha juzi!"

"Ndiyo, mzee. Wahamishwe tena."

"Unajua tafsiri yake kisiasa?"

"Najua. Lakini siwezi kupokea."

Mkurugenzi akanigeukia. "Mwalimu, ndiyo mnafundisha haya?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, ukurasa wa kwanza kabisa. Nilijivuna siku ile, siwafichi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kumwona mwanafunzi akilitumia somo kwa usahihi namna ile, bila jeuri, bila kutetemeka, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumwondoa.

Aliondolewa wiki hiyo hiyo. Alipelekwa Urambo kusimamia ghala la pembejeo, kazi ya kuhesabu viroba vya mbolea ya tumbaku. Aliyeshika nafasi yake alipokea lambo siku ya Sabasaba, ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa. Mzee Seif aliondoa rola yake kesho yake.

Maganga hakulilia cheo. Shida yake ilikuwa mama. Alikwenda ofisi ya kijiji kuomba bibi Kalunde arudi kwenye nyumba yake ya kilimani, akajibiwa kwamba akirudi mmoja watarudi wote. Akaomba ahamie kwake Urambo. Bibi mwenyewe akakataa, akasema hawezi kuacha kaburi la mumewe na mihogo aliyokwisha kupanda. Maganga alipita kwangu akielekea stesheni, akakaa kibarazani bila kunywa maji niliyompa.

"Mwalimu, mkandarasi nimemkatalia. Mkurugenzi nimemkatalia," akasema. "Mama nimkatalie vipi?"

Nilimtania kidogo kuhusu mbolea ya Urambo, akatabasamu kwa ajili yangu tu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Lambo lilijaa, watu wakashangilia, wakachota. Halafu asubuhi moja, wengi wakiwa wamekwisha kwenda mashambani, tuta lilikatika kwa juu, pale pale aliposema Mzee Seif. Waliokuwa na miguu mizima walikimbia. Bibi Kalunde alikutwa kwenye migomba, mbali na nyumba yake.

Nilikwenda mazishini kama mtani, na mtani msibani ana kazi. Wakati watu wanalia, yeye hufanya vituko, humwigiza marehemu, huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe chochote. Ni njia yetu ya kuwasaidia watu kupumua. Mchungaji wa Kimoraviani alikuwapo na Biblia yake, lakini aliposikia watu wananong'ona "mtani, mtani," alisogea pembeni mwenyewe, maana naye alikuwa Mnyamwezi.

Nikashuka kaburini. Udongo ulikuwa umelowa, viatu vikazama. Nilitakiwa nianze kudai karanga zangu, nichechemee kama alivyokuwa akichechemea. Watu walikuwa wananitazama, wengine wameanza kutabasamu wakisubiri. Mimi niliyewatania mameneja wa nchi nzima nilisimama mle ndani nikilia kama mtoto.

Mkurugenzi wa Maendeleo alikuwa ukingoni. Alikuja na gari la serikali na sanda, na nadhani alikuja kwa uchungu wa kweli. Aliinama akaninyooshea mkono anitoe.

"Siyo wewe," nikamwambia.

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha Maganga akapiga magoti kwenye tope, akanishika kifundo cha mkono.

"Toka, mtani," akasema. "Umefanya ya kutosha. Tumlaze."

Baada ya mwezi mmoja hivi Maganga alirudishwa kwenye miradi ya maji, safari hii kwa cheo kikubwa zaidi. Alikubali, kwa sababu kijiji hakikuwa na maji tena. Tuta lilijengwa upya, likashindiliwa tabaka kwa tabaka, na mstari wa chini ukahamishwa kimyakimya, bila hotuba. Akalisubiri msimu mzima wa mvua. Alipolipokea hapakuwa na kiongozi wala ngoma, alikuwa yeye na fundi mmoja na ng'ombe waliokuja kunywa.

Nami nikaendelea kufundisha. Walipita Wakuu wa Kituo wengine watatu, mtaala ukabadilishwa jina, mashirika mengi yakafa, na mameneja wake wakaja kwangu tena kusomea jinsi ya kuyafunga. Niliendelea na zoezi langu la watani. Ila ukweli ni kwamba sauti yangu haikuwa ile ya mwanzo. Nilikuwa nikifika kwenye neno "kataa" moyo unashuka, kwa sababu nilijua sasa kwamba mtu anaweza kukataa kama inavyotakiwa, kwa wakati wake, kwa sababu zote sahihi, na mama yake akafa vilevile. Wapo wanaoniambia kwamba kisa kile kinathibitisha thamani ya mafunzo. Waseme wapendavyo. Darasani nilimfundisha mtu mmoja mmoja kukataa, na tuta lilikuwa na watu wengi waliolitaka liwe tayari.

Nilipostaafu, Kituo kiliniandalia hafla ndogo, pilau na soda. Wanafunzi wa zamani waliitwa waseme lolote kuhusu mwalimu wao. Walisema maneno mazuri, mengine ya uongo. Mwisho wakamwita Maganga, ambaye alikuwa na mvi nyingi kuliko mimi, na wote waliojua kwamba ni mtani wangu wakaanza kujiweka sawa kwenye viti ili wacheke.

Alisimama, akanitazama.

"Huyu Mzaramo alinifundisha kusema hapana," akasema. "Nikasema."

Akakaa. Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi, wakidhani ndiyo utani wenyewe umeanza. Sisi wawili tulikuwa tumeinamia sahani zetu.