Siku Ukumbi Ulipokaa Kitako

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchimba visima kule Mbweni, enzi ambazo Mbweni ilikuwa minazi na mihogo tu, wala hakuna aliyedhani watu wangekuja kujenga majumba ya kifahari. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na kawaida ya kuonja udongo. Kweli, sitanii. Anachota udongo wa chini, anauweka ulimini, anatema, halafu anasema, "Hapa maji matamu," au, "Hapa chumvi, twendeni." Alikosea mara moja tu, kwenye kisima cha msikitini, lakini hiyo naiacha, maana wajukuu wa wahusika wapo na wengine tunasalimiana.

Sasa mwaka mmoja, uhuru ungali mbichi, ikaletwa pampu. Pampu ya mashine, inanguruma na kutoa moshi, ikafungwa kwenye kisima alichochimba babu mwenyewe. Kijiji kikagawanyika. Wapo walioshukuru, na wapo walioapa kuwa maji yananuka mafuta, hayafai hata kunawia miguu. Bibi yangu alikuwa wa hao wa pili. Akawa anakwenda kisima cha zamani, mbali kweli, ndoo kichwani, kwa hasira tu. Lakini jioni chai anachemsha kwa maji ya pampu niliyoyateka mie. Nikimuuliza ananiambia, "Nyamaza unywe chai."

Mie kwenye pampu ile nilikuwa sibanduki. Shule nilikuwa nimeishia darasa la tatu, sina la kufanya. Fundi aliyekuja kuitengeneza akaniona nimekaa pale siku ya tatu mfululizo, akanipa spana nimshikie. Basi, ndiyo ikawa shule yangu. Kutoka pampu nikaingia jenereta, kutoka jenereta nikaingia waya, na waya ndizo zilizonileta Temeke kiwandani, na kiwandani ndiko nilikoikuta bendi. Kwa hiyo mkiniuliza nilifikaje kwenye muziki, mtu ambaye sijui kupiga hata chupa kwa kijiko, jibu ni kisima cha babu.

Bendi yetu ilikuwa ya wafanyakazi. Miaka ile ya Ujamaa, hata bosi unamwita ndugu, kila kiwanda kilitaka kuwa na bendi kama kilivyotaka timu ya mpira. Mchana mtu yuko kwenye mashine, jioni yuko kwenye gita. Mashabiki walituita watu wa umeme, kwa sababu gita zetu zote zilikuwa za kuchomeka, hatukuwa na gita kavu hata moja, na juu ya hapo klabu yetu ya kiwanda ikapata kinanda cha umeme. Upande ule wa mji hakikuwepo kingine. Watu walikuwa wanakuja mapema kukitazama tu, kimefunikwa shuka. Kazi yangu ilikuwa fyuzi, waya na spika. Moto wa umeme ukikatika wananizomea mie, ukiwaka wanampigia makofi mwimbaji. Ndivyo ilivyo.

Mpiga kinanda alikuwa rika langu, mtu wa kusini, pande za Newala. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, naye alitaka mwanawe achonge. Mwana akajifunza kinanda kanisani, misheni, halafu akatoroka nacho kichwani kuja Dar. Baba alimwambia, siku watu wa mjini watakapokuchoka, patasi yako nimeitundika hapa ukutani. Hilo alinihadithia mwenyewe, na si mtu wa kuhadithia. Akitaka kukueleza jambo alikuwa anakupigia, na kama hukuelewa shauri yako.

Uani tulikofanyia mazoezi palikuwa na ukuta wa udongo, na ng'ambo ya ukuta walikuwa akina mama wa taarabu. Sie tukipumzika, wao wanaanza. Yule bwana akawa, badala ya kupumzika, anawajibu kwa kinanda. Wao wanaimba ubeti, yeye anaudokoa mwisho wake na kuuzungusha. Siku ya nne au ya tano kiongozi wao akaja kwa mlango wa mbele. Mama mtu mzima, mwenye mwili wake, kajitanda kanga, tulikuwa tukimwita Bi Mkubwa.

"Nani huyo anayetujibu ukutani kama jogoo wa jirani?"

Mpiga kinanda akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe unayo adabu. Hebu rudia pale ulipokuwa."

Akarudia. Bi Mkubwa akafumba macho, akaimba juu yake, na sisi sote tukasimama kama tuliosahau njia ya kwenda kwetu.

Kwa hiyo ikatoka santuri. Kubwa, si hizi ndogo za wimbo mmoja kila upande. Upande wa kwanza ulikuwa dansi letu, magita na tarumbeta kama kawaida. Upande wa pili ndio ule wa bendi na akina mama, kinanda cha umeme na mashairi, yeye na Bi Mkubwa wakisindikizana. Siku yalipofika maboksi, nilidhani mji mzima utafurahi. Mie nina tabia hiyo, ya kudhani.

Fundi cherehani mmoja pale Temeke alikuwa na gramafoni dukani, na ndiko mashabiki walikokusanyika. Alikuwepo hamali wa sokoni Tandale, shabiki wetu wa damu, mtu wa kubeba gunia mbili kwa mpigo. Huyu aliinunua santuri ilhali hana gramafoni. Aliibeba kwapani kutoka Tandale kwa miguu, akamkabidhi fundi, akakaa. Upande wa kwanza ulipokwisha alikuwa anatabasamu. Fundi akageuza. Bi Mkubwa hajamaliza ubeti wa kwanza, hamali kasimama.

"Geuza hiyo! Mie sikutoka Tandale kuja kusomewa hitima."

"Hitima ya nani?" fundi akamuuliza, mguu hautoki kwenye pedeli. "Umekufa?"

"Nimeuawa. Bendi yangu imeniua."

Muuza maandazi aliyekuwa kibarazani akacheka. "Kaka, mwanamume mzima unalilia ngoma? Tulia usikilize maneno. Hayo yanamsema mtu."

"Yanamsema nani?"

"Angekuwa wewe ungeshajua."

"Geuza!"

"Usigeuze!"

Wakageuza, wakarudisha, wakageuza, mpaka sindano ikaacha mkwaruzo ambao ukawa sehemu ya wimbo. Na msidhani wazee wa taarabu walikuwa radhi wote. Wapo waliosema magita yanayafunika mashairi, kwamba wameitwa kusikiliza wameambulia radi. Sie wa umeme tukaonekana tumeharibu, wao wakaonekana wamejishusha. Ila wiki ile ile nilipita Tandale kutafuta waya, nikamkuta hamali kainama chini ya gunia, anaimba. Upande wa pili, neno kwa neno. Nikamwita. Akanyamaza, akaanza kupiga mluzi wa wimbo mwingine.

Na mie je? Niseme ukweli, maana nimeshazeeka na uongo unachosha. Mara ya kwanza sikuipenda ile ya upande wa pili. Niliona imepoa. Yule bwana wa kinanda aliniuliza, tumekaa juu ya maboksi ya spika, "Fundi, wewe ndiye waya wangu wa ardhi, hunifichi kitu. Sema."

Nikasema, "Nzuri sana, ndugu."

Akaniangalia. Alijua. Tangu hapo nikawa namkwepa kidogo kwa aibu. Siku chache baadaye ikaniingia yenyewe, nikiwa nafunga soketi, nikaona hakuna kitu kizuri kama kile, lakini sasa nitamwambiaje? Nikimwambia nimeipenda leo, nimekiri kuwa jana nilidanganya. Nikanyamaza. Mambo mengine yanaharibikia hapo, kwenye kunyamaza kwa mtu asiye na nia mbaya.

Kamati ya klabu ikakaa. Barua za mashabiki zilikuwa zimejaa, nusu za sifa, nusu za matusi. Mwenyekiti akasema hataki ugomvi, Jumapili tutafanya dansi la alasiri, bendi na akina mama wapige upande wa pili wote mbele za watu, ukumbi uamue. Ukumbi ukinyanyuka, tutarekodi nyingine. Ukikaa, kinanda kinarudi stoo na bendi inarudi kwenye tarumbeta. Kwa watu wa dansi hiyo ni sheria ya siku zote, haijaandikwa popote. Wimbo mzuri unamnyanyua mtu kitini. Usiponyanyua umekufa, uzike.

Jumamosi yule bwana alinikuta nasafisha plagi. Akasema, "Wakinyanyuka, nitamwandikia mzee wangu atungue ile patasi, awape watoto wa dada. Wakikaa, naondoka."

"Utakwenda wapi?"

"Naondoka tu, fundi. Siwezi kukaa kwenye mji nikikitazama kinanda kupitia dirisha la stoo."

Hapo ndipo ningemwambia. Mie ni mtu wa pwani, nimezaliwa ndani ya taarabu, mama yangu na shangazi zangu wote. Najua kwamba katika taarabu ile ya wazee mtu akipendezwa hanyanyuki. Anakaa kitako, anainamisha kichwa, mikono mapajani, hata chafya anaizuia. Anasubiri. Mwisho kabisa, ubeti wa kufungia, ndipo anapoinuka polepole na kwenda kumtunza mpigaji, kikuba cha asumini, leso, noti, chochote alicho nacho. Anayeruka ruka mashairi yakiendelea anahesabika hana adabu. Yule bwana taarabu aliijua ya ukutani na ya mazoezini, tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Ya ukumbini, yenye wasikilizaji, hakuwahi kuiona. Nami haikunijia kabisa kwamba kuna mtu asiyeijua. Ni kama kumwambia mtu kwamba maji yanalowesha.

Na bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Jumapili, saa nane mchana, Bi Mkubwa akaja na wenzake na ndugu zao na mashoga zao, ukumbi ukajaa manukato. Akaniita.

"Baba, hivi viti mbona viko kulekule ukutani? Watu wazima wakasikilize uchochoroni?"

"Pale katikati ni pa kuchezea, mama."

"Tutakaa, hatutacheza. Lete mbele."

Nikaleta mbele. Mie mwenyewe, kwa mikono hii, safu kwa safu, mpaka jukwaani, mpaka pale penye saruji iliyong'arishwa na visigino vya miaka yote, hapakubaki pa kuweka unyayo. Nilijiona nimefanya jambo la heshima. Wakaketi akina mama na wazee wa taarabu, wametulia. Mashabiki wa dansi walipoingia, hamali akiwa mbele yao na suruali yake ya kupigwa pasi, wakakuta hakuna pa kuchezea. Wakasimama ukutani, mikono kifuani.

"Leo tunacheza mapajani mwa nani?" hamali akauliza kwa sauti. Watu wakacheka, na mama mmoja akamgeukia.

"Kaa chini, mwanangu. Nguvu zako ziweke za kesho sokoni."

Akatafuta kiti akakaa. Nilimwona kwa macho yangu. Na wenzake mmoja mmoja wakakaa, wengine chini.

Bendi ikaanza. Mie nilikuwa pembeni ya mlango wa nyuma, kwenye kisanduku cha fyuzi, kwa sababu siku ile moto ulikuwa mdogo na waya mmoja ulikuwa unalegea, ikabidi niushikilie kwa koleo mkono hauondoki. Kutoka pale niliona jukwaa na niliona watu. Sijawahi kuona watu wakisikiliza namna ile. Mzee mmoja machozi yalikuwa yanamtoka hayapanguzi. Hamali kainamisha kichwa kama yuko ibadani. Ukumbi mzima umekaa kitako, hakuna hata kiti kinacholia.

Naye akawa anauona ukumbi huo huo kutoka kwenye kinanda.

Wimbo wa kwanza ukaisha, kimya. Wa pili, kimya. Kila ukiisha anainua macho, anawaangalia, anayashusha. Nilijua anachokiona. Nilijua pale pale. Nikamfanyia ishara kwa mkono ulio huru, akadhani namwambia kuhusu sauti, akapunguza. Wimbo wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Alipiga sehemu yake yote, hakudokoa wala hakuruka hata kidole kimoja. Zamu ya Bi Mkubwa ilipofika, ubeti wa kufungia ambao anauimba na gita peke yake, yule bwana akazima swichi ya kinanda. Akachukua lile shuka, akakifunika vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayemfunika mtoto. Akashuka kwa ngazi ya nyuma.

Alipita hatua moja kutoka kwangu. "Wamekaa, fundi," akasema.

"Ndugu, ngoja! Ndivyo wanavyo—"

Spika ilikuwa nyuma ya kichwa changu. Aliona midomo yangu tu, nadhani. Akanigusa bega, kwa upole kabisa, kama vile anayenisamehe kwa ile "nzuri sana", akatoka mlangoni kwenye jua. Mkono wangu ulikuwa kwenye waya. Ningeuachia, Bi Mkubwa angezimika katikati ya neno. Sikuuachia. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Ndani nikasikia viti. Ubeti wa kufungia ulikuwa umefika nusu, na akina mama walikuwa wanaanza kuinuka, mmoja mmoja, polepole, vikuba mkononi, kuelekea kwenye kinanda. Nje yeye alikuwa ameshavuka mtaro, ana shati la bendi mgongoni, anapita kando ya magenge kuelekea barabara ya Mtoni. Nikapiga kelele jina lake. Alimpisha mtu mwenye mkokoteni, akavuka barabara, akaendelea kwenda, na hakurudi tena.