Nafasi ya Kushoto kwa Mama

Kanisa letu lilikuwa la kanzu nyeupe na ngoma. Jumapili asubuhi tulitembea safu kwa safu hadi kanisani, bendera mbele, na kila mtu alikuwa na nafasi yake ya maisha. Ukisafiri, nafasi yako inabaki wazi. Ukiugua, inabaki wazi. Ukifa, Jumapili inayofuata mazishi safu inafungwa: waliokuwa pembeni yako wanasogea, mabega yanakutana, ngoma inaendelea. Hakuna hotuba. Mimi nilitembea kushoto kwa mama tangu nilipoacha kubebwa. Kushoto kwangu alitembea binti yangu.

Binti yangu alikufa kwa malaria, wakati wa masika, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulimwombea, tukampeleka hospitali, tukamwombea tena kando ya kitanda, akafa hivyo hivyo. Alikuwa hajaanza hata nasari. Jumapili iliyofuata nilivaa kanzu kwa sababu sikujua la kufanya, nikasimama mahali pangu. Ngoma ilipoanza, mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa mtoto alisogea, bega lake likagusa langu. Alikuwa akifuata desturi tu, tena alikuwa akilia, lakini nilimchukia kutoka utosini hadi unyayoni. Nikatoka kwenye safu. Nilimwambia mama mbele ya watu kwamba Mungu anayeziba pengo la mtoto upesi namna ile simtaki, na mtu yeyote asinitafute.

Nilihamia Amalemba, nikapanga chumba kinachotazama barabara, nikaweka cherehani yangu barazani. Nilishona sare za shule na magauni ya harusi za watu. Jumapili nilishona makusudi, ili Mungu aone. Jambo moja nilikuwa nimelisahau, au nilijifanya kulisahau: kanisa letu lilipita barabara ile ile.

Ngoma iliposikika mara ya kwanza niliinamia kitambaa. Nilipoinua macho, safu ya mama ilikuwa mbele yangu, na kushoto kwake palikuwa wazi. Mama hakunitazama. Kwetu mtu haangalii kando akiwa katika msafara. Lakini mkono wake wa kushoto aliuachanisha kidogo na mwili, kama enzi zile aliponishika.

Pengo lile lilipita mbele ya baraza yangu kwa miaka. Mvua ilipoacha dimbwi barabarani, safu ilipinda kulikwepa, na pengo likapinda nayo, upana wake ule ule wa mtu mmoja. Liliruka maji pamoja na wengine. Nilianza kuliogopa. Katikati ya wiki nikikanyaga cherehani, miguu ilishika mdundo wa ile ngoma bila kuniuliza, na nikijaribu kubadilisha mwendo uzi unakatika. Kanzu yangu niliifunga ndani ya gunia chini ya kitanda, na mvua ikinyesha chumba kizima kinanuka sabuni aliyofulia mama. Wateja waliniambia nimekonda. Niliwajibu wapimwe wao kwanza, kwa vile mimi ndiye niliyekuwa na futi ya kupimia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Nilihisi kwamba mimi wa kweli ndiye aliyekuwa akitembea kule na mama, na huyu aliyekaa na sindano barazani ndiye mfu.

Kisha, Jumapili moja, siku ya pili baada ya mvua ya mawe, msafara ulitokea na nikaona bega limegusa bega la mama. Kushoto kwake alikuwapo mwanamke nisiyemjua, mnene, kanzu yake imeshonwa vibaya shingoni. Safu ilikuwa imefungwa.

Mwili wote ulipoa. Nipo hapa na mkasi mkononi, nikawaza, na wamenizika. Baada ya baridi ile ikaja hasira, na hasira yangu haijawahi kujua adabu. Nilishuka barabarani na futi shingoni, nikatembea mbele ya mama kinyumenyume, jambo ambalo hata mtoto hathubutu.

"Nani amesema nimekufa?"

Ngoma haikusimama. Mama aliendelea kutazama mbele, ila mbele palikuwa na mimi.

"Huyu ni mgeni, ametoka Kabras," alisema. "Aliona nafasi iko wazi, akaingia. Hakuna mwenye alimwambia."

"Na wewe ukamwacha?"

"Nilimwacha. Nilitaka kuona kama utatoka." Alipiga hatua nyingine, nami nikarudi nyuma. "Mtu mwenye alikufa hakasirikangi, msichana wangu."

Unawezaje kugombea nafasi mbele ya Mungu ambaye unasema humtaki? Miaka yote ile nilidhani ninamnunia, na kumbe nilikuwa nachungulia kila Jumapili kuona kama bado ameniwekea mahali. Mgeni wa Kabras alielewa kabla yangu. Alisema, "Pole, dada," akarudi safu ya nyuma.

Niliingia. Mkono wa mama ulikuwa pale pale, mdogo kuliko nilivyouacha. Kushoto kwangu alikuwa yule yule mwanamke niliyemchukia, na bega lake likaja likagusa langu, mahali pa mwanangu. Iliuma kama siku ile. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo kwamba bado nimemkasirikia na sijui lini nitamaliza, lakini nimekuja, basi anipokee na hasira yangu. Sikulikwepa lile bega.

Karibu na kanisa kulikuwa na dimbwi. Safu ilipinda, mama akanivuta kidogo, nikaruka maji.